Ukinyimwa fidia ya ajali kazini, hesabu siku

Mfanyakazi akikatwa mkono na mashine kiwandani, haumii peke yake. Kodi ya nyumba, karo ya watoto na unga wa kesho vyote hungojea fidia atakayolipwa. Barua ikija kusema hatalipwa, au atalipwa kidogo, wengi huinamisha vichwa na kusema mnyonge hana haki. Wengine hukimbilia wakili afungue kesi siku hiyo hiyo. Njia zote mbili zaweza kuipoteza fidia.

Nchini Kenya, madai haya huongozwa na Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA. Sheria hiyo haimruhusu mfanyakazi kuanza kwa kumshtaki mwajiri mahakamani. Chama cha mawakili kiliipinga, lakini Mahakama ya Juu ikakata shauri Desemba 2019 kwamba utaratibu huo ni halali. Madai huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.

Mwambie mwajiri mara tu unapoumia. Akishaarifiwa, ana siku 7 za kuripoti ajali kwa mkurugenzi. Nayo madai yawasilishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali.

Mara nyingi ugomvi huwa juu ya kiwango cha ulemavu. Fidia ya ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu kwa mapato ya miezi 96. Tuseme fundi hulipwa Sh20,000 kwa mwezi. Daktari mmoja akiandika ulemavu wa asilimia 5, fidia ni Sh96,000. Mwingine akiandika asilimia 20, ni Sh384,000. Kwa hivyo usidharau ripoti ya daktari, na ukiona haisemi ukweli wa hali yako, tafuta daktari mwingine akupime.

Usiporidhika na uamuzi wa mkurugenzi, una siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwake. Naye ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi, akitoa sababu zake. Jibu hilo lisipokuridhisha, sasa ndipo mlango wa mahakama hufunguka. Una siku 30 tangu ulipolipokea za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo zamani iliitwa Mahakama ya Viwanda.

Hapa ndipo jamii inapofaa. Aliyelazwa hospitalini hawezi kukimbia ofisi hadi ofisi. Mke, mume au ndugu na amwekee faili moja yenye nakala ya ripoti ya ajali, karatasi za hospitali, hati za mshahara na kila barua. Juu ya kila barua, andikeni tarehe mliyoipokea, maana siku za rufaa huanza kuhesabiwa hapo.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika madai ya fidia, hao wanaoumia matumbo ni watoto wako.