Neno "Mimi" katika Programu za Kompyuta

Tuchukue mfano wa mtaalamu aliyeombwa kutunga programu ya kuweka hesabu ya samaki wanaoshushwa katika pwani ya Sudi, mkoani Lindi. Katika utungaji wa programu kwa njia ya vitu, kila mashua, ngalawa au mtumbwi huwakilishwa na kitu kimoja ndani ya kompyuta. Kitu hicho huwa na sifa zake, kama vile jina la chombo na kilo za samaki wa siku hiyo. Tena huwa na matendo yake, kama vile kupokea kilo zilizopimwa mizanini.

Vyombo ni vingi, lakini maagizo ya tendo huandikwa mara moja tu. Je, kompyuta itajuaje kwamba kilo zinazotajwa ni za chombo kipi? Hapo ndipo linapohitajika neno lenye maana ya "mimi". Manahodha kumi wakiamriwa kwamba kila mmoja ang'oe nanga yake, hakuna atakayegusa nanga ya jirani, kwani neno "yake" humrejea kila msikiaji kwa nafsi yake.

Njia hii iliasisiwa na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard mjini Oslo, Norway, waliotunga lugha ya Simula katika miaka ya 1960. Simula ilitumia neno "this", ambalo hutumika pia katika Java, iliyotolewa mwaka 1995. Smalltalk ya Marekani ilichagua "self", na watumiaji wa Python, iliyotolewa mwaka 1991, hufuata desturi hiyo.

Kulisahau neno hili huleta hasara. Tuseme sifa ya chombo inaitwa "kilo", na idadi inayotoka mizanini nayo imeitwa "kilo". Mwandishi wa Java akiandika "kilo = kilo", idadi ile hujirudia yenyewe, na sifa ya chombo hubaki sifuri. Ilimpasa aandike "this.kilo = kilo", yaani, "kilo zangu mimi ziwe hizi zilizopimwa."

Ubaya wa kosa hili ni ukimya wake. Programu huendelea kufanya kazi. Mvuvi ameshusha kilo 80, daftari lasema hakupata kitu. Atakayesoma takwimu hizo huenda akadhani samaki wamekwisha baharini. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze kwamba daftari lisilojua mwenye mali halina faida.