Ini Lililorithi Jina la Tini

Msomaji aliyeuliza kwa nini Wahispania huita ini hígado na Waitaliano fegato, ilhali katika Kilatini, lugha mama ya lugha hizo, ini liliitwa iecur, amegusa mahali ambapo historia ya lugha hupitia jikoni. Warumi waliwanenepesha bata bukini na nguruwe kwa tini ili maini yao yajae mafuta, na Pliny, mwandishi wa karne ya 1, anamtaja Apicius kuwa ndiye aliyebuni njia ya kuwalisha nguruwe jike tini kavu, kisha kuwanywesha ghafla divai yenye asali hadi wafe. Kitoweo hicho kiliitwa iecur ficatum, yaani ini la tini, kwa kuwa tini kwa Kilatini ni ficus.

Kivumishi cha Kilatini, kama cha Kiswahili, hubeba alama ya upatanisho, na kwa hiyo nomino huweza kuachwa bila maana kupotea. Kwa mama lishe, mteja anayetaka maharage ya nazi husema tu "ya nazi", na mpakuaji anajua sufuria ya kufunua; lakini mtoto aliyekulia hapo pasipo kulisikia neno maharage atadhani yanazi ndilo jina la punje zenyewe, na siku atakapoyakuta mabichi guniani, yasiyojua nazi wala moto, atayaita yanazi vilevile. Ndivyo ficatum ilivyobaki peke yake, hata ini la mtu asiyewahi kuonja tini likaitwa hivyo, na iecur likasahauliwa. Istilahi udondoshaji hutaja kilichoanguka na kukinyamazia kilichobaki; urithishaji ingefaa zaidi, maana hapa kivumishi kimetwaa mali yote ya nomino.

Matamshi nayo yalishika njia zake: Kihispania kiliififisha f ya mwanzo, Kifaransa kikameza konsonanti za kati hadi ikabaki foie, na Kiromania, katika ficat, kikauacha mkazo kwenye silabi ya pili, ilhali Kiitaliano, Kihispania na Kireno viliurudisha mwanzoni, pengine kwa kuiga Kigiriki, ambacho hadi leo huita ini sykoti, kutokana na syko, tini.

Nchini Italia mwenye fegato ni jasiri, na anayekula fegato lake ni yule ambaye Mswahili angesema amekatwa maini. Wafaransa, ambao kwao foie lilikwisha kuwa kiungo cha mwili tu, walipohitaji tena jina la kitoweo walilazimika kuongeza kivumishi kingine, gras, yaani -nono.