Waliofuata na Walioachia Njiani

Matangazo ya programu za mazoezi ya mtandaoni hayakosi takwimu: waliofuata vipindi vyote kwa wiki 12 wamepungua uzito, pumzi imeongezeka, wanakimbia kuliko zamani. Huenda kila tarakimu ni ya kweli. Shida iko kwenye neno “waliofuata”. Anayeamka saa 11 alfajiri, akavaa raba na kuwasha video, hakuwa sawa na jirani aliyepakua programu hiyohiyo akaisahau siku ya tatu. Walitofautiana hata kabla ya kuipakua. Ukiwalinganisha hao wawili, unachopima ni bidii ya mtu, na sifa inaiendea simu.

Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilidhihirisha jambo hili katika utafiti ulioanza mwaka 2016. Wafanyakazi 4,834 waligawanywa kwa bahati nasibu: wapo walioalikwa kwenye mpango wa afya kazini, na wapo ambao hawakualikwa. Watafiti walipolinganisha walioshiriki na wasioshiriki, kama zifanyavyo tafiti nyingi, walioshiriki walionekana kwenda zaidi kwenye ukumbi wa mazoezi. Walipolinganisha walioalikwa wote, pamoja na wale ambao hawakuwahi kufika, na wasioalikwa wote, tofauti hiyo ikayeyuka. Kumbukumbu za mwaka uliotangulia zilifichua sababu: walioshiriki walikuwa tayari wanajitunza vizuri zaidi, na gharama zao za matibabu zilikuwa ndogo.

Mtu atasema: mimi bidii ninayo, walioacha wananihusu nini? Swali la haki kabisa. Lakini hata yeye anahitaji kulinganishwa na mwenye bidii kama yake asiyetumia kifaa. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kiliongoza utafiti wa namna hiyo, uliochapishwa mwaka 2016. Watu 471, wote wakitaka kupungua, walipewa ushauri uleule wa chakula na mazoezi. Baada ya miezi 6, kundi moja lilivaa kifaa cha mkononi kinachohesabu mazoezi. Lingine liliendelea kujaza lenyewe kwenye tovuti kile lilichokula na kufanya. Miezi 24 ilipotimia tangu mwanzo, mizani, wala si maneno yao, ilionyesha kuwa waliovaa kifaa walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.5. Lisingekuwepo kundi la pili, kilo hizo zingepambwa kwenye tangazo. Kundi la pili lilipungua kilo 5.9.