Kicheko cha Kashasha: Je, Swala Yake Inasihi?

Je, umewahi kuwasikia wazee wa Muleba wakisimulia ugonjwa wa kucheka? Si hadithi ya sungura na fisi hiyo, ilitokea kweli. Tarehe 30 Januari 1962, pale Kashasha, maili 25 hivi kutoka Bukoba mjini, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Ilipofika Machi 18 shule ikafungwa, maana kati ya wanafunzi 159 walikuwa wameshikwa 95. Walimu hawakushikwa hata mmoja! Wasichana wakarudishwa makwao, na kicheko nacho kikasafiri. Kule Nshamba waliugua watu 217 mwezi Aprili na Mei.

Madaktari Rankin na Philip walichunguza, wakaandika taarifa yao mwaka 1963. Hawakuona sumu wala kijidudu, na hakuna aliyekufa. Wengi sasa wanasema ulikuwa msongo wa mawazo ulioambukizana. Kwa hiyo wale dada hawakuwa vichaa, wala hawakuwa wakiigiza.

Sasa tazama kalenda. Mwaka ule Ramadhani iliangukia Februari na siku za mwanzo za Machi, katikati kabisa ya kizaazaa hicho. Tuseme wewe ni msichana wa Kiislamu, umefunga, unaswali, kicheko kinakushika. Ibada yako inakuwaje?

Nitafuata madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Tanzania. Kutabasamu hakuharibu swala. Kicheko cha sauti huibatilisha, ila kikikushinda kikawa kidogo unasamehewa. Kikiwa kingi, swala imevunjika na utaiswali tena ukitulia, lakini dhambi huna, kwa kuwa hukukusudia. Udhu wako upo palepale. (Wafuasi wa Hanafi, wao husema na udhu umetenguka.) Na saumu? Kucheka hakufunguzi mtu.

Kurukwa na akili ni jambo jingine. Mtume alifundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Kwa hiyo mtu asiyejitambua, anayeongea na wasioonekana, haandikiwi dhambi ya swala zilizompita. Saumu ya siku aliyorukwa na akili haisihi, lakini pia hadaiwi kuilipa. Akili ikimrudia kabla wakati wa swala haujatoka, anaswali hiyo. Basi wewe unayemcheka jirani yako kwamba "haswali huyo", unamdai deni ambalo Mola wake hamdai.

Watu wengi huchanganya hapa. Mwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, akili anayo. Swala bado ni wajibu wake na inasihi hata kama haoni utamu wowote. Akishindwa kusimama ataswali amekaa, akishindwa kukaa ataswali amelala. Kumwambia kwamba anaumwa kwa sababu imani yake ndogo ni kumwongezea mzigo, na mimi naona ni ukatili tu.

Halafu kuna wasiwasi wa udhu. Unatawadha mara kumi, unarudia takbira mpaka wenzako wanatoa salamu, na bado moyo unasema "haijakubaliwa". Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliueleza wasiwasi kuwa ni maradhi ya nafsi yenye tiba yake. Masheikh huagiza usiufuate: udhu mmoja, nia moja, songa mbele. Ukishindwa, nenda hospitali. Yapo mazungumzo ya tiba na vidonge vinavyosaidia.

Hospitali yenyewe si lazima iwe Mirembe, Dodoma. Anzia zahanati ya karibu, nao watakuelekeza, pengine hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba. Dua na kisomo endelea navyo, havigombani na dawa. Ila anayetaka kumfunga mgonjwa kamba au kumchapa ili "shetani atoke", mkatalie.

Ramadhani ikikaribia usiache vidonge kimyakimya. Muulize daktari kama vinaweza kunywewa wakati wa futari na daku. Akisema haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake akipona. Kama maradhi hayatarajiwi kupona, hutoa fidia ya kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku.