Kolwezi: Jiwe la jasho, jiwe la starehe

Kwa Kilingala, libanga ni jiwe. Mjini Kolwezi, ambako maelfu ya watu huishi kwa kuchimba mawe ya shaba na kobalti kwa mikono, neno hilo hubeba jasho na starehe kwa pamoja.

“Kobeta libanga”, yaani kupiga jiwe, ni kuhangaikia riziki, hata kama kazi yako ni kuuza mikate. “Kobwaka libanga”, kutupa jiwe, ni mwanamuziki kutaja jina la mtu ndani ya wimbo, mara nyingi kwa malipo. Aliyetajwa anaonekana ana uwezo, na mji mzima unasikia.

Lugha kubwa ya Kolwezi ni Kiswahili, lakini lugha ya kufurahia maisha imechanganyika. Kilingala kimeingia na muziki. Sherehe ni “feti”, kutoka Kifaransa. Pesa ni “makuta”, jina lililobaki kutoka sarafu ya zaire iliyoanza mwaka 1967 na sasa haipo tena. Mezani huwekwa Simba au Tembo, bia za Lubumbashi.

Watanzania husema “kula bata”. Wazee wa Kiswahili walishasema zamani: ponda mali, kufa kwaja. Kwa mchimbaji, methali hiyo si mzaha. Shimo linaweza kuporomoka wakati wowote. Likitoa mawe, kwanza analipwa mfadhili aliyegharimia uchimbaji. Kisha mnunuzi hupima kiwango cha madini kwa kifaa ambacho wachimbaji hukiita Metorex, naye ndiye anayetaja bei. Kinachobaki hugawanywa.

Bei yenyewe hupangwa mbali na Kolwezi. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000 katika soko la dunia. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje, na Oktoba ikaweka viwango maalumu kwa kila kampuni.

Kiswahili kina methali nyingine pia: akiba haiozi. Nyumbani, wanaosubiri karo na kodi ya nyumba huishika hiyo. Lakini kuweka akiba kunahitaji kesho inayotabirika, na mchimbaji wa Kolwezi hajui kesho jiwe lake litanunuliwa kwa bei gani. Anachojua ni kwamba usiku wa leo ana makuta mfukoni.