Utasa Hauonekani kwa Macho

Wiki hii tena: “Mwalimu, 333,333,331 ni namba tasa, si ndiyo?” Huyo haulizi, anataka nimpigie muhuri. Sipigi. Chukua penseli ugawanye kwa 17. Kwenye 33 inaingia mara 1, inabaki 16. Teremsha 3, kwenye 163 inaingia mara 9, inabaki 10. Endelea hivyo hivyo. Karibu na mwisho utabaki na 5, uteremshe ile 1 ya mkiani, upate 51, ambayo ni 17 mara 3. Baki hakuna. Jibu ni 19,607,843.

Chanzo cha imani hii nakijua. 31 ni tasa, 331 ni tasa, 3,331 pia, hadi 33,333,331 yenye tatu saba: zote tasa, saba mfululizo. Mtu akishaona hivyo anatangaza kanuni, na ya nane inamwumbua.

Wengine huja na ushahidi wa ziada. Haiishii na 5. Jumla ya tarakimu zake ni 25, kwa hiyo 3 haiigawanyi. 7, 11 na 13 wamejaribu, zimeacha baki. Yote kweli, ila 17 ndiyo tasa inayofuata baada ya 13! Kisha wanasema iko jirani na kigawe cha 6. Ndiyo, ni 6 mara 55,555,555 ukiongeza 1. Na 25 je, si jirani ya 24? Kila tasa kuanzia 5 hukaa ujirani huo, lakini wapangaji ni wengi. Mbuzi ana miguu minne, na meza pia.

Tena kanuni hii haikuwa na nafasi tangu mwanzo. Ukiongeza tatu mojamoja, baki za kugawanya kwa 17 hujirudia kila baada ya hatua 16. Kwa hiyo tatu 8, tatu 24, tatu 40, zote zikifuatwa na 1, zinagawanyika kwa 17. Hata 31, iliyofungua orodha, ina mzunguko wake wa hatua 15: andika tatu 16 na 1, itagawanyika kwa 31.

Ufanyeje basi? Gawanya kwa namba tasa tu, ukomee kwenye kipeuo cha pili. Hapa ni 18,257 na ushee. Mwenye kompyuta atumie jaribio la Miller na Rabin: kwa namba ndogo kuliko 3,215,031,751, kujaribia kwa 2, 3, 5 na 7 kunatosha, bila kubahatisha. Jaribio la Fermat peke yake usiliamini. 341, yaani 11 mara 31, hulipita kwa 2. Njia ya Agrawal, Kayal na Saxena ya 2002 haikosei, ila kwa kazi za kila siku ni ya polepole. Na kama una kikokotoo cha simu tu, anza na 3, nenda 7, na ukifika 13 usiweke simu mfukoni.