Je, Wajua? Goti Hutibiwa kwa Matundu Mawili

Mchezaji wa raga akiteguka goti uwanjani RFUEA, Ngong Road, Nairobi, huenda asihitaji kupasuliwa goti zima. Katika hospitali kama Aga Khan, Parklands, daktari hutoboa matundu mawili madogo: moja la kamera yenye unene wa takriban milimita 4, jingine la vifaa. Maji ya chumvi hupitishwa ndani ili kiungo kipanuke, na gegedu lililochanika huonekana kwenye skrini, jeupe, likielea.

Wazo la kuchungulia goti hivi si geni: daktari Mjapani Kenji Takagi alichungulia goti la maiti mwaka 1918, kwa kifaa cha kukagulia kibofu cha mkojo!

Lakini mzee ambaye goti lake limesagika kwa umri asiukimbilie upasuaji huu. Mwaka 2017 jopo la wataalamu wa kimataifa lilishauri vikali asifanyiwe, kwani faida yake haizidi ya mazoezi.